Foleni ya Mama Nasike

Kama unataka tukosane, niambie lugha yangu ni pole. Sisemi Kiswahili wala Kibukusu, hizo zina watu wengi wa kuzitetea. Nasema Bidii, lugha niliyoiunda mwenyewe ya kuamrisha kompyuta, wakati nilikuwa bado nafundisha hesabu na kompyuta Bungoma mjini. Nilikuwa nimechoka kuona wasichana werevu wakikwama, si kwa sababu ya hesabu, bali kwa sababu ya Kiingereza cha mashine. Nikaandika yangu. Ukitaka jambo lirudiwe unaandika rudia, ukitaka lionekane unaandika onyesha, basi. Wasichana wakaipenda. Nilipostaafu nikarudi nyumbani Kabuchai, kwa mahindi na miwa ya mume wangu Wangila, lakini Bidii ikabaki shuleni kwenye tableti, na mimi nikawa nalala vizuri nikijua kuna kitu changu bado kinafanya kazi.

Halafu Vivian akaja. Vivian ndiye mkuu wa shule hiyo, na zamani tulikaa chumba kimoja cha walimu. Ukimwona amekuja kwako na mkate mkubwa na sukari, jua habari aliyobeba ni mbaya. Alikunywa chai yote kabla ya kuanza. Akasema wasichana wamekua, hawaandiki tena programu za kujumlisha tu. Sasa wanaandika soko zima la Ndalu, kila mwenye kibanda, kila bidhaa, kila bei ya siku. Bidii inaipokea hiyo programu, inawaza, inawaza, mpaka kengele ya kipindi kingine inalia. Ati wasichana wameibandika jina, wanaiita Pole. Shule zikifunguliwa, maafisa wa elimu wangekuja kuangalia masomo ya kompyuta, na Bidii ikikwama mbele yao, itafutwa kwenye tableti zote na watatumia lugha ya nje kama shule zingine. Alisema haya yote kwa upole sana, na huo upole ndio ulinikasirisha zaidi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikakaa. Ugonjwa wenyewe niliujua. Ndani ya lugha yoyote ya kompyuta kuna injini, ile sehemu inayosoma amri na kuzitekeleza. Kila amri inapotaja jina, liwe bei au gunia au mama fulani wa nyanya, injini lazima itafute hilo jina liliwekwa wapi. Mimi nilikuwa nimeyapanga majina kwenye foleni, moja nyuma ya lingine. Injini ikitafuta, inaanzia mbele kabisa na kuuliza kila mmoja, ni wewe? Ni wewe? Majina yakiwa machache hata huoni. Yakiwa soko zima, na kila amri inaanza kuuliza upya, hapo ni balaa.

Nilijaribu kuitibu mwenyewe. Nilifungua laptopu kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe, nikakata huku, nikashona kule, na kila nikishona hapa pale panafumuka. Macho yangu si yale ya zamani. Wangila akipita ananiuliza kama imepona, nikamwambia aende akaulize miwa yake.

Nasike, kifungua mimba wangu, ndiye alisema kwa simu kutoka Kitale, "Mama, si umpe Kimeli aangalie?" Nikamwambia ng'ombe ananiita, nikakata simu.

Kimeli ni mume wake. Watu wao wanatoka upande wa Mlima Elgon, na yeye kazi yake ni kutengeneza programu za maghala ya mahindi pale Kitale mjini. Anajua kazi, hata mimi nimesikia akisifiwa. Lakini ni mkwe wangu. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja wakitazamana. Si chuki hiyo. Ni heshima, na ni heshima nzito. Kuna wenzangu siku hizi wameilegeza, wanakumbatiana na wakwe zao kama watu waliofunga bao. Mimi sijafika huko na sina haraka ya kufika. Siku moja nilimwona Kimeli Kitale akija upande wangu wa barabara, nikachepukia duka la vyombo, na kwa vile mwenye duka alikuwa ananikodolea macho, nikatoka na ndoo ambayo sikuwa na haja nayo. Hata simu simpigii. Sauti ya mtu pia ni mtu.

Na kulikuwa na jambo lingine, hilo sikumwambia Nasike. Niliogopa kwamba Bidii ikiponea mikononi mwa mtu mwingine, haitakuwa yangu tena. Niliona afadhali ifutwe ikiwa yangu kuliko ibaki na jina langu nje na matumbo ya mtu mwingine ndani. Ndivyo nilivyofikiri, na sikuona aibu kufikiri hivyo. Lakini Wangila aliniambia hasira yangu haitaifanya iende mbio, na kwa mara moja mzee huyo alikuwa amesema ukweli. Nikaiweka Bidii yote kwenye flashi, Nasike akaja akaichukua. Nikamtuma amwambie mume wake kwamba injini inachelewa kupata majina, aisaidie iyapate haraka. Nilisema hayo tu.

Kimeli alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyesoma kazi hii angefanya. Aliitoa foleni, akaweka masanduku. Fikiria masanduku ya posta. Huendi kufungua yote ukitafuta barua yako, unajua namba yako unaenda moja kwa moja. Sasa ukilichukua jina, ukapiga hesabu fulani kwa herufi zake, unapata namba, na hiyo namba ndiyo sanduku la kulitia. Ukilihitaji tena unapiga hesabu ile ile, unaenda pale pale. Hakuna kuuliza mtu njiani.

Nasike akanitumia Bidii mpya kwa mtandao. Nikaweka soko la Ndalu, nikabonyeza, na kabla sijaondoa kidole majibu yalikuwa yamejaa kioo. Nilicheka peke yangu pale sebuleni. Nikaweka programu zingine za wasichana moja moja, zote zikaruka kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Mpaka nikafika kwa programu ya msichana mmoja wa kwetu aliyeandika ukoo wake. Kwetu mtoto hutajiwa ukoo kutoka juu kuja chini, na yeye ndivyo alivyoandika, Makokha akamzaa Situma, Situma akamzaa Mukhisa, Mukhisa akamzaa yeye. Bidii ikarudisha mtoto kwanza, halafu babu, halafu baba, na Makokha mwenyewe wa mwisho kabisa. Masanduku hayajui nani alitangulia. Yanatoa majina vile namba zilivyoangukia.

Niliwaka. Nilimpigia Nasike nikamwambia mume wake ameniharibia lugha, ametengeneza kitu cha kukimbia bila kujua kinakimbilia wapi, na kama hawezi kuheshimu mpangilio wa watu basi arudishe flashi yangu. Nasike akasema sawa Mama, nitamwambia. Baada ya siku kadhaa flashi ikarudi. Bidii ilikuwa inaenda mbio hata zaidi, na ukoo bado ulikuwa umepinduka vile vile.

Hapo ndipo niligundua tatizo letu halikuwa kwenye mashine. Nasike nimemlea vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Maneno yangu yakifika kwake anayachuja kama chai, anatoa majani yote, anampelekea mume wake maji ya uvuguvugu. Nilipombana akakiri alimwambia, Mama anashukuru sana, ila kuna kajambo kadogo ka mpangilio, si haraka. Na Kimeli akijibu naye anachujwa vivyo hivyo njiani. Sisi wawili tulikuwa tunaheshimiana mpaka hatusikiani. Na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Nikawaita waje Jumamosi. Kimeli akija kwetu huwa anakaa nyumba kubwa na baba mkwe wake, na mimi nakaa jikoni, ambako ni kando, mpaka aondoke. Safari hii nikasema awekewe kiti kwenye kibaraza cha jikoni, kando ya nguzo, mgongo wake kwa ukuta, laptopu magotini. Mimi nikakaa ndani nikimenya viazi, mgongo wangu kwa ukuta huo huo. Nasike akasimama mlangoni kutubebea maneno. Alibeba ya kwanza, akabeba ya pili, halafu nikamsikia anaanza tena kulainisha. Nikamwambia aseme vile nimesema. Akageuka akasema amechoka kuwa waya wetu, akaenda zake kwa baba yake kwenye zizi.

Tukabaki, mimi na viazi, yeye na kuku uani. Huwezi kumsemesha mkwe wako. Lakini hakuna aliyesema huwezi kusemesha jiko lako.

"Wewe jiko," nikasema, "kuna mtu hapo nje ametoa foleni yangu. Muulize, alidhani niliiweka kwa sababu sijui mambo ya masanduku?"

Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia akikohoa.

"Nguzo," Kimeli akasema polepole, "ambia Mama ndiyo. Nilidhani hivyo. Aniwie radhi."

Nilipenda jibu hilo. Sipendi mtu wa kuzunguka.

"Jiko, mwambie masanduku nimeyafundisha kabla yeye hajaoa. Foleni niliiacha makusudi. Msichana akiiambia Bidii vitu kwa mpangilio, Bidii lazima ikumbuke huo mpangilio. Mtoto akiandika babu yake kwanza na mashine ikimrudishia kinyume, hatasema mashine ina makosa. Atasema ni yeye mjinga. Na mimi niliiandika hii lugha ili msichana asiseme hivyo tena."

Halafu akauliza nguzo yake kama kweli hilo ndilo nililomtuma Nasike aseme, maana yeye aliambiwa ni kajambo kadogo. Nikamwambia jiko amjulishe kwamba mimi nilisema ameniharibia lugha. Nikamsikia akicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka karibu namna hiyo, na mimi nikacheka pia nikajifunika mdomo na mkono wenye maganda.

Alipoongea tena sauti ilikuwa ya mtu anayewaza. "Nguzo, uliza Mama, kwani ni lazima watu watoke kwa foleni? Si wakae tu vile walikuja. Masanduku yabebe namba ya kiti peke yake."

Kisu kikasimama. Nililiona jambo lote kwa mara moja. Ukitafuta jina, unapiga hesabu, unaenda kwenye sanduku, na ndani hukuti mtu, unakuta kikaratasi tu kinachosema yuko kiti fulani. Unaenda kwenye hicho kiti. Foleni haijaguswa, aliyetangulia bado ametangulia, na hakuna kuuliza ni wewe, ni wewe. Na tena masanduku huwa mengi na nusu yake ni matupu, kwa hivyo yakibeba kinamba tu badala ya mtu mzima, hata nafasi ya tableti inabaki. Nilijikasirikia kidogo kwamba sikuliona mimi. Halafu nikaona lilipokuwa na tundu.

"Na jina likifutwa katikati?" nikauliza. "Tukisogeza watu mbele kujaza pengo, namba zote kwenye masanduku zinakuwa uongo."

"Basi tusisogeze. Kiti kibaki wazi."

"Kibaki wazi, ndiyo. Lakini viti wazi visirundikane. Vikizidi, tunapanga foleni yote upya kwa mpigo mmoja, na namba zote tunaziandika upya."

"Hiyo ni sawa kabisa, Mama," akasema, na ndipo nikajua kwamba mimi nilikuwa nimesahau jiko na yeye amesahau nguzo. Hakuna aliyesema lolote juu ya hilo. Tukaendelea mpaka viazi vikaisha, nikaanza kumenya vya kesho. Nasike na baba yake walikuwa wamesimama kwenye zizi wakitusikiliza, na ng'ombe amesahauliwa.

Kimeli alirudi Kitale kwenda kuandika. Siku ya maafisa ilipofika, yeye na Nasike walinipitia asubuhi, lakini tukaenda kwa gari mbili. Mimi na Nasike kwenye ya Wangila, Kimeli nyuma yetu kwenye yake. Flashi Nasike alinipa njiani. Tulipofika shuleni nikaijaribu kwenye tableti moja, soko la Ndalu likaja mara moja, na Makokha akawa mbele ya wajukuu wake. Ilikuwa imepona. Ndani sikufungua. Nilijiambia hakuna muda, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Sikutaka kuona palipokuwa pangu pakiwa pa mtu mwingine.

Wasichana walionyesha kazi zao vizuri sana. Hakuna aliyesema Pole. Vivian alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ule mkate. Kati ya wale maafisa kulikuwa na mmoja anayeitwa Munene, mtu mtulivu, haandiki sana, anatazama tu. Wenzake walipokuwa tayari kusimama, yeye akabaki amekaa.

"Mwalimu Dinah, inaenda vizuri," akasema. "Lakini nimeona programu nyingi zilizoenda vizuri mpaka siku zilipoharibika, na hakukuwa na mtu wa kujua ndani kuna nini. Wasichana ndio wanaumia. Tufungulie ndani, utueleze. Ukiweza kuieleza, mimi sina neno, ibaki. Usipoweza, itabidi itoke."

Hakuwa na ubaya, na hilo lilinimaliza kabisa. Mimi mwenyewe ningeuliza swali hilo hilo. Kimeli alikuwa nje getini, hawezi kuingia nilipo, na hata angeingia, angeeleza yeye, na Munene angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini nasema ni yangu. Vivian alikuwa ananitazama, na wasichana pia. Nikaifungua.

Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa ule niliouandika miaka ile, nikiwatania wasichana wangu: Anayekuja kwanza anaandikwa kwanza, msisukumane. Nikashuka chini. Foleni ilikuwa yangu. Mstari kwa mstari, pamoja na mahali nilipoandika kwa njia ya kuzunguka na ambapo fundi yeyote mwenye haraka angenyoosha. Hakunyoosha. Chini yake kulikuwa na kipande kipya, kifupi, na kila kitu ndani yake kilikuwa na jina la Kiswahili, sanduku, kiti, kiti wazi, panga upya. Na Nasike alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba Kimeli huandika kazi zake zote kwa Kiingereza, hajui njia nyingine. Juu ya kipande hicho alikuwa ameandika: Sehemu hii ni ya kuonyesha njia tu. Foleni ni ya Mwalimu. Usiiguse.

Nilifurahi mpaka ikabidi nijifanye natafuta miwani ambayo nilikuwa nimeivaa. Halafu nikaanza kueleza. Nilimwonyesha Munene foleni na kwa nini haiondoki. Nikamwonyesha masanduku na vinamba vyake. Akauliza majina mawili yakipata sanduku moja itakuwaje, nikamwonyesha mahali ambapo jina la pili linatafutiwa sanduku lingine, na jinsi injini inavyohakikisha kwamba aliye kwenye kiti ndiye anayetafutwa. Akauliza kuhusu jina lililofutwa, nikamweleza viti wazi bila hata kutazama kioo, maana hayo tulikuwa tumeyatengeneza pamoja. Wasichana walikuwa wamesogea wote nyuma yangu. Nilifundisha siku hiyo kama sijawahi kustaafu.

Munene alifunga kalamu yake. "Ibaki," akasema, akasimama.

Nilipotoka nje, Kimeli alikuwa ameegemea gari lake karibu na geti. Aliponiona akageuka haraka akatazama ua wa shule, kama inavyotakiwa. Njia ya kwenda kwenye gari letu ilipita nyuma yake. Nasike alikuwa amenishika mkono, na nilipopunguza mwendo akanitazama, akaniachilia.

Nilisimama mbali kidogo. Sikutafuta jiko wala nguzo.

"Kimeli," nikamwambia mgongo wake. "Foleni nakuruhusu uiguse."

Hakugeuka. Alisimama wima akitazama ua, na nikaona akiweka mkono mmoja juu ya gari.

"Nitakuuliza kwanza, Mama," akasema.